Kupima Bahari Si Kupiga Ramli



Kila mwaka, miezi ya kutayarisha mashamba inapokaribia, huku kwetu Kisaki huzuka ubishi wa namna moja. Redio hutangaza kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imetoa utabiri wa mvua za msimu: mahali fulani zitazidi kadiri, mahali fulani zitapungua, kwa sababu bahari ya Hindi ina joto zaidi upande huu au upande ule. Baadhi ya wazee husikiliza wakapanga mbegu zao. Wengine huifunga redio kwa hasira wakasema, "Mvua ni katika ghaibu, na ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Watu hawa nao wamekuwa wapiga ramli?" Na vijana, kwa kuwa wako baina ya baba na mwalimu wa skuli, hunyamaza, wasijue lipi la kushika.

Jambo hili si dogo. Mwenye jaruba la mpunga kando ya mto Mgeta akiipuuza habari ya mafuriko, aweza kupoteza mbegu, ghala, na pengine mtoto. Na mzazi akiamini kwamba ilimu ya bahari na hewa ni ndugu wa ramli, hatamtia mwanawe moyo wa kuisoma. Kwa hiyo tumeona vyema katika ukurasa wa mwezi huu tuulize swali moja: hao wataalamu wa bahari, hujuaje hayo wanayoyasema? Mtu akiisha kuijua njia yao, ataweza kuhukumu mwenyewe.

Huenda msomaji wa bara akasema, "Sisi tulio chini ya milima ya Uluguru, bahari yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Mgeta hushuka kutoka milimani, hupita kwetu, huungana na Ruvu, na Ruvu humwaga maji yake baharini karibu na Bagamoyo. Hiyo ndiyo njia ya kwenda. Njia ya kurudi haionekani kwa macho. Jua huipasha bahari moto, maji hupanda kuwa mvuke, upepo huuleta mvuke huo bara, nao ukigonga milima hupanda, hupoa, hushuka kuwa mvua. Ndiyo sababu upande wa Uluguru unaoelekea bahari hupata mvua nyingi kuliko upande wa pili. Basi maji tunayotilia udhu hapa Kisaki, mengi yao yalikuwa bahari kabla hayajawa mto.

KINA CHA BAHARI

Tuanze na lililo jepesi kufahamika. Manahodha wa kale walipokaribia pwani walikuwa wakitia bildi, yaani risasi nzito iliyofungwa kwenye kamba yenye alama za pima. Chini ya risasi walipaka shahamu, ili inapogusa chini inase mchanga au tope. Kwa kamba walijua kina, na kwa shahamu walijua namna ya ardhi iliyo chini. Hiyo ndiyo ilimu ya bahari kwa umbo lake la kwanza, nayo aliyeitumia hakuitwa mpiga ramli.

Waingereza waliichukua njia hiyo hiyo wakaipeleka mbali. Merikebu yao iliyoitwa Challenger ilizunguka bahari za dunia tangu Desemba 1872 hata Mei 1876, ikisimama mahali baada ya mahali kushusha kamba. Mwaka 1875, katika bahari ya Pasifiki karibu na visiwa vya Mariana, kamba ilishuka zaidi ya mita 8,000 kabla ya kugusa chini. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba sehemu iliyo na kina kikubwa kupita zote huko yakaribia mita 11,000. Kilele kirefu cha Uluguru chapita mita 2,600 kidogo tu. Ungeipachika milima yetu minne juu ya mmoja katika shimo hilo, na maji bado yangeifunika yote.

Lakini kushusha na kupandisha kamba kwa kipimo kimoja kulichukua saa nyingi. Katika karne ya 20 ikapatikana njia nyepesi, nayo ni mwangwi. Kila kijana aliyepiga kelele mbele ya jabali amesikia sauti yake ikimrudia. Meli hupeleka sauti chini, sauti hugonga sakafu ya bahari, hurudi, na chombo hupima muda uliopita. Katika maji ya bahari sauti hwenda kadiri ya mita 1,500 kwa sekunde moja. Basi sauti ikirudi baada ya sekunde 4, imekwenda mita 6,000. Nusu ni ya kushuka na nusu ni ya kupanda. Kwa hiyo kina ni mita 3,000. Hesabu hii mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya mwenyewe kwa kidole mchangani.

Vipimo vya kina vina mengi ya kusimulia. Mkondo ulio baina ya Unguja na bara una maji machache, na sehemu kubwa yake haifiki mita 60. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda kuwa barafu, bahari ilikuwa imeshuka yapata mita 120. Mwenye kuzitia hesabu hizi pamoja ataona kwamba Unguja ilikuwa imeshikana na bara, na Pemba ilibaki kisiwa. Ndipo tunapofahamu kwa nini Unguja imejulikana kuwa na chui, na Pemba hakuna.

Na hapa twataka wasomaji walitambue neno moja. Hao wenye vyombo vyote hivyo, mwaka 2024 walikiri kwamba sehemu ya sakafu ya bahari za dunia iliyochorwa kwa vipimo vya karibu ni kama robo tu. Robo tatu zilizobaki wazijua kwa makisio yasiyo ya karibu. Je, umepata kumwona mpiga ramli akikuambia, "Robo ya mambo yako nayajua, na robo tatu bado sijazipima"?

CHUMVI NA HEWA ILIYOMO MAJINI

Baada ya kina, wataalamu hutaka kujua maji yenyewe yana nini. Hushusha chupa zilizo wazi pande zote mbili, zikafika kina kinachotakiwa, kisha hufungwa huko huko chini, ili maji ya juu yasichanganyike nayo. Maji yaliyoletwa na Challenger yalipelekwa kwa bwana William Dittmar, mwanakemia aliyefanya kazi Scotland. Alizipima sampuli 77 kutoka bahari mbalimbali, akatoa taarifa yake mwaka 1884. Alikuta kwamba chumvi yaweza kuzidi mahali na kupungua mahali pengine, lakini namna za chumvi zilizomo huchanganyika kwa fungu lile lile karibu kila bahari. Kwa wastani kilo moja ya maji ya bahari ina gramu 35 za chumvi. Siku hizi chombo hupitisha umeme majini, kwani maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme vizuri zaidi, na jibu hupatikana papo hapo meli ikiwa safarini.

Bahari hunywa pia hewa. Katika hewa ya kaboni inayotoka katika mitambo, magari na misitu inayochomwa duniani, bahari huchukua kadiri ya robo. Hewa hiyo ikiingia majini huyasogeza maji kuelekea uchachu, na matumbawe na kombe, ambao hujijengea nyumba za chokaa, hupata taabu kujenga. Mtu aliyeona nyumba za kale za mawe za pwani anajua kwamba chokaa yake ilichomwa kutokana na matumbawe. Ni mali iliyojengwa polepole na viumbe vidogo, na kuharibika kwake ni kuharibika kwa mazalio ya samaki.

SAMAKI ALIYEDHANIWA AMEKWISHA

Sasa tuje kwenye viumbe vya bahari, na katika habari zote hatujui iliyo na mafunzo kama ya samaki aitwaye silakanti. Wataalamu walimjua kwa alama zake zilizogeuka mawe. Kwa kuwa mawe yaliyo machanga kupita miaka milioni 66 hayakuwa na alama yake, walisema amekwisha kutoweka duniani. Kisha tarehe 22 Desemba 1938, katika bandari ya East London huko Afrika ya Kusini, binti mmoja mtunza makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, aliona katika fungu la samaki wa jarife la meli mmoja asiyemfahamu, mwenye mapezi mfano wa miguu. Profesa J. L. B. Smith alipomwona alithibitisha kuwa ni silakanti, akampa jina la Latimeria kwa heshima ya binti yule.

Profesa alikaa miaka 14 akimtafuta wa pili. Mwaka 1952 yeye na mkewe walikuwa Zanzibar, wakakutana na nahodha Eric Hunt, ambaye chombo chake kilifanya biashara baina ya Zanzibar na Ngazija na visiwa vyenziwe. Walimpa matangazo yenye picha ya samaki na ahadi ya paundi 100 kwa atakayempata. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule mvuvi wa Nzwani akamvua mmoja. Wavuvi wa Komoro wakastaajabu, kwani wao walimjua samaki huyo tangu zamani, wakamwita gombesa. Aliyekuwa ametoweka katika vitabu hakupata kutoweka katika ndoana zao.

Nchini mwetu silakanti alipatikana mwaka 2003 katika majarife ya wavuvi wa Songo Mnara, upande wa Kilwa, na baada ya hapo makumi walivuliwa Tanga. Mwaka 2009 serikali ilitenga sehemu ya bahari ya Tanga kuwa hifadhi yake. Mwaka 2021 wataalamu wa Kifaransa walichunguza magamba ya samaki hao kwa mwanga wa namna maalumu, wakahesabu pete nyembamba zilizomo, kama zile za shina la mti. Waliona kwamba samaki huyu aweza kuishi karibu miaka 100, na mimba yake yakadiriwa kuchukua miaka 5. Basi jarife moja likimnasa jike mwenye mimba, pengo lake litachukua miaka mingi kuzibika.

Mafunzo yaliyomo ni mawili. La kwanza, wataalamu walikosea, na samaki mmoja akatosha kuwarudisha. Hawakumficha wala hawakumkana. Walimweka mezani wakabadili vitabu vyao. La pili, ilimu ya mvuvi asiyejua kusoma Kiingereza ilikuwa ya kweli, ila haikuwa imeandikwa. Wenye kuzidharau ilimu za skuli na wenye kuzidharau ilimu za wazee, wote wawili wana somo hapa.

JOTO LA BAHARI NA MVUA YETU

Tumefika sasa kwenye shina la ubishi wetu. Watu wa pwani wamejua kwa karne nyingi kwamba kaskazi huvuma miezi ya Desemba hata Machi, na kusi miezi ya baada yake. Ahmad bin Majid, nahodha wa Kiarabu wa karne ya 15, aliandika kitabu kizima cha ilimu ya safari, nyota na misimu ya pepo. Majahazi yaliyotoka Omani kuja Zanzibar yalitegemea ujuzi huo, na manahodha walifunga safari wakisema "Inshaallah", huku wakiwa wamehesabu siku zao vizuri.

Kati ya miaka 1959 na 1965 mataifa mengi yalishirikiana kuichunguza bahari ya Hindi kwa meli zipatazo 40, kwa kuwa ilikuwa bahari kubwa isiyojulikana vizuri kupita nyingine. Walipima joto, chumvi, mikondo na sakafu yake. Kazi hiyo haikukoma. Mwaka 1999 wataalamu wa Kihindi na Kijapani walitangaza jambo waliloliona baada ya kulinganisha vipimo vya miaka mingi. Baadhi ya miaka, bahari ya Hindi huwa kama mizani: upande wetu wa magharibi hupata joto kupita kawaida, na upande wa mashariki karibu na Sumatra hupoa. Ikiwa hivyo, mvuke na mawingu huzidi upande wetu, na mvua za mwisho wa mwaka huwa nyingi Afrika ya Mashariki, hali Indonesia na Australia hukaukiwa. Mizani ikipinduka, upande wetu ukapoa, sisi ndio hukosa.

Je, hilo lilipata kuonekana? Ndiyo. Mvua za mwaka 1961, ambazo wazee bado wazitaja, zilikuja bahari ikiwa katika hali hiyo, na kufikia mwaka 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Mwaka 1997 ilikuwa hivyo tena, pamoja na joto la Pasifiki liitwalo El Nino. Mwaka 2016 mizani ilipinduka, na mvua za vuli zikapungua sana katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Mwaka 2019 ikarudi kwa nguvu: mafuriko yalipiga Kenya, Somalia na nchi yetu, na huku Australia ikaungua kwa moto wa misituni.

Na joto hilo hupimwaje? Setilaiti huangalia uso wa bahari kutoka juu. Chini yake, tangu miaka ya mwisho wa karne iliyopita, kumetiwa baharini maboya yajiendeshayo yenyewe, ambayo sasa yapata 4,000 duniani. Kila siku kumi boya huzama hata mita 2,000, kisha hupanda likipima joto na chumvi njia nzima, na likifika juu hupeleka hesabu zake kwa setilaiti. Hesabu hizo huwa wazi kwa kila taifa. Kwa hiyo redio inaposema "bahari ina joto upande wetu", si mtu aliyeota usiku. Ni maelfu ya vipimo vilivyokusanywa.

BAINA YA GHAIBU NA DALILI

Twaona kwamba sehemu ya ugomvi huu imeletwa na neno lenyewe. Kwa Kiswahili, anayetazama bao na anayesoma kipimajoto wote huitwa watabiri. Jina ni moja, lakini kazi ni mbili. Mpiga ramli huificha njia yake, hana daftari la makosa yake, na husema kwa yakini. Mpima bahari huionyesha njia yake ili mwingine airudie, huandika alipopata na alipokosa, na husema "yatarajiwa" wala hasemi "itakuwa". Akikosea, hutafuta kwa nini.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, wala hakuna aliyewatuhumu kwamba wamedai ghaibu. Kalenda ya nyakati za sala iliyotundikwa msikitini yatuambia jua litakuchwa saa ngapi mwezi ujao. Twaifuata bila ya wasiwasi, kwa kuwa imetoka katika hesabu. Tabibu akimgusa mtoto akaona homa, akasema "usiku huu itazidi, mpeni dawa mapema", hatumwambii kuwa amevunja itikadi. Joto la bahari ni homa ya namna hiyo. Aijuaye dalili hakujifanya mwenye kuileta mvua wala kuizuia. Ghaibu yabaki ghaibu. Lililopimwa si ghaibu tena.

Basi nasaha yetu kwa wenye nyumba ni hii. Ikitangazwa kwamba mvua zatarajiwa kuzidi, zibueni mitaro mapema, inueni mahindi na mpunga ghalani, msiweke mbegu zote katika bonde moja, na watoto wasivuke mto ukiwa umejaa. Ikitangazwa kwamba zitapungua, chagueni mbegu za muda mfupi, na msiuze akiba yote. Mvua ikija tofauti na ilivyotarajiwa, mwenye kuzibua mtaro hakupata hasara.

Na nasaha yetu kwa vijana, wa kike na wa kiume: msidhani ilimu ya bahari ni ya watoto wa pwani tu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Zanzibar tangu mwaka 1978, na mlango wake haumuulizi mtu kama alizaliwa kando ya maji. Unauliza hesabu, kemia na uvumilivu. Wenye kutaka kuanza leo, waanze hapa hapa. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke mahali pa wazi pasipo mti wala paa. Kila asubuhi pima kwa rula maji yaliyomo, uandike milimita zake na tarehe katika daftari, kisha uyamwage. Siku isiyo na mvua andika sufuri, usiiruke. Fanya hivyo mwaka mzima, kisha linganisha daftari lako na yaliyotangazwa redioni. Hapo ukimwambia mzee wako kwamba utabiri ulipata au ulikosa, utakuwa unasema kwa hesabu ya mkono wako, naye atakusikiliza.

Madaftari ya namna hiyo yakipatikana katika nyumba kumi za Kisaki, tutafurahi tukiletewa jumla zake, tuzilinganishe katika ukurasa huu inshaallah.